Mkono Usiochorwa: Uhakiki wa Michoro ya Bunduki katika Sanaa ya Pikseli

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michoro ya bunduki inayochorwa pikseli kwa pikseli katika programu sahili za kuchorea, hususani Paint ya kampuni ya Microsoft. Yanadai kwamba kukosekana kwa mkono na kwa mlengwa katika michoro hiyo ni suala la msingi la kihakiki: mkono umo ndani ya vipimo vya bunduki hata pale usipochorwa, ilhali mlengwa hajaachiwa mahali popote. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Semiotiki, na unailinganisha michoro hiyo na michezo ya kompyuta, emoji, bendera ya Msumbiji na picha za Andy Warhol.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa kazi za sanaa katika Kiswahili umekua kwa kuegemea kisa. Mhakiki huuliza nani ametenda, wapi, kwa sababu gani, na mgogoro umeishaje. Majibu ya maswali hayo ndiyo humfikisha kwenye dhamira na ujumbe. Mchoro wa bunduki katika sanaa ya pikseli haujibu hata swali moja kati ya hayo. Bunduki imelala ubavu juu ya uwanja mweupe, mtutu umeelekezwa kulia au kushoto, hakuna aliyeishika na hakuna anayelengwa. Kwa mfano wa kikombe na chai uliozoeleka madarasani, hapa pana kikombe kitupu kilichonakshiwa kwa makini.

Pengine hiyo ndiyo sababu michoro hii huhukumiwa kabla ya kutazamwa. Wapo wanaoichukulia kuwa ni mchezo wa vijana wasio na kazi, usiostahili neno sanaa. Wapo pia wanaoiona kuwa ni ushabiki wa silaha na mlango wa kuingilia katika ukatili. Hukumu zote mbili zinaweza kutolewa na mtu aliyefumba macho, kwani hakuna hata moja inayohitaji kujua mchoro umechorwaje. Wachoraji wenyewe, kwa upande wao, hujitetea kwa kusema kwamba wanachora umbo tu. Bunduki kwao ni zoezi gumu la mistari, kivuli na rangi, kama vile ambavyo mwingine angechora saa au pikipiki.

Utetezi huo ndio unaostahili kupimwa, kwa sababu ndio pekee unaozungumzia fani. Je, umbo la bunduki linaweza kutenganishwa na kazi ya bunduki? Wanaoamini kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja watajibu haraka kuwa haiwezekani. Lakini jibu la haraka halisaidii mpaka ionyeshwe, katika pikseli zenyewe, mahali ambapo maudhui yameingia.

2.0 Chombo na Mipaka Yake

Programu ya Paint ilitoka pamoja na Windows 1.0 mwaka 1985, ikiwa na asili yake katika PC Paintbrush ya kampuni ya ZSoft. Mwaka mmoja kabla yake, Bill Atkinson alikuwa ametengeneza MacPaint kwa ajili ya kompyuta za Apple, programu ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, iliyokuwa na namna ya kukuza sehemu ya picha hadi kila nukta ionekane kama kigae. Mwaka huohuo wa 1985, Electronic Arts ilitoa Deluxe Paint ya Dan Silva kwa kompyuta za Amiga, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa karakana ya wachoraji wengi wa michezo ya kompyuta. Paint haikufikia hadhi hiyo. Ilibaki kuwa kitu kinachokuja bure na kompyuta, kinachopatikana ofisini na shuleni, kwa mtu asiye na fedha za kununua programu wala ruhusa ya kuiweka. Unyenyekevu huo wa chombo ni sehemu ya maana ya michoro inayojadiliwa hapa.

Katika matoleo ya Windows 95 hadi XP, mchoraji alikuwa na kisanduku cha rangi 28 chini ya uwanja. Kati ya hizo, zile zisizoelemea rangi yoyote zilikuwa nne: nyeusi, nyeupe na kijivu cha aina mbili. Chuma cha bunduki kilipaswa kutoka katika vijivu hivyo viwili, au mchoraji akae na kuchanganya rangi zake moja baada ya nyingine. Angeweza kufuta makosa matatu tu ya mwisho. Kosa la nne lilikuwa limeshakuwa sehemu ya picha. Hakukuwa na tabaka, yaani uwezo wa kuweka kitu juu ya kingine bila kukiharibu cha chini. Kila pikseli mpya iliiua ya zamani. Jambo hili la mwisho litarejewa, kwa kuwa lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kifaa kikuu ni penseli. Penseli ya Paint huweka pikseli moja ya rangi moja, bila kulainisha kingo. Hata Windows 7 ilipoleta mwaka 2009 maumbo na mistari yenye kingo zilizolainishwa, penseli haikuguswa, na wachoraji wa pikseli waliendelea nayo. Mchoraji hukuza picha mpaka bunduki igeuke kuwa sakafu ya vigae, akawasha gridi, akaanza kuweka kigae kimoja kimoja. Kazi hiyo iko karibu zaidi na ususi wa mkeka wa ukili kuliko na uchoraji wa brashi: mstari wa mshazari hauwezekani, ila ngazi zinazoudanganya macho.

Ngazi hizo zina sheria zake. Mkunjo unaoshuka kwa hatua za pikseli nne, tatu, mbili, moja huonekana laini. Ukishuka kwa hatua za tatu, moja, tatu, mbili, jicho huona kinundu. Kosa la pili linalojulikana sana ni kivuli kinachofuata mzingo wa umbo pande zote badala ya kufuata mwanga, na ambacho hukifanya chuma kionekane kama mto wa kulalia. Ni kosa la anayejua kwamba kitu kinapaswa kuwa na kivuli lakini hajajiuliza taa iko wapi. Mhakiki anayetaka kutofautisha kazi nzuri na dhaifu anaweza kuanzia hapo, na mara nyingi hatahitaji kwenda mbali.

3.0 Sentimita Moja, Pikseli Moja

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi uamuzi wa kiufundi unavyogeuka kuwa uamuzi wa maana. Bunduki aina ya AKM, toleo la mwaka 1959 la silaha iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov, ina urefu wa takriban sentimita 88. Ikichorwa kwa upana wa pikseli 88, kila pikseli inasimama badala ya sentimita moja. Mtutu wenye unene wa takriban sentimita moja na nusu unapaswa basi kupewa pikseli moja na nusu, kitu ambacho hakipo. Mchoraji atachagua moja, na bunduki itaonekana dhaifu kama fimbo, au mbili, na itaonekana nzito kuliko ilivyo. Nafasi ndogo iliyopo kati ya mtutu na ufito wa kusafishia ulio chini yake ni nyembamba kuliko pikseli; itafutwa, au itachorwa kwa kijivu cheusi kinachodokeza kwamba kuna kitu hapo.

Hivyo basi, dai kwamba michoro hii inafundisha utengenezaji wa silaha halina msingi. Kipimo kinachoikosea theluthi ya unene wa mtutu hakimsaidii fundi yeyote. Kinachohifadhiwa ni utambulikaji tu.

Utambulikaji wa AKM umebebwa hasa na magazini yake, ile iliyopinda kuelekea mbele kama ndizi. Mpindo huo haukuwekwa kwa urembo. Risasi yake ya milimita 7.62 ina ganda linalopungua unene kutoka kitakoni kwenda kichwani. Risasi 30 za namna hiyo zikipangwa moja juu ya nyingine haziwezi kusimama wima, hujipinda zenyewe, na chuma kinachozifunika kimefuata mpindo wao. Kwa istilahi za Charles Sanders Peirce, mchoro wa magazini ni ikoni, kwa kuwa unafanana na kitu, lakini ni indeksi vilevile, kwa kuwa umbo lake limesababishwa na kitu kisichoonekana, kama moshi unavyosababishwa na moto. Anayezipanga kwa uangalifu hatua za mkunjo ule, nne, tatu, mbili, moja, anazichora risasi 30 ambazo hazimo katika picha. Anaweza asijue. Mkunjo unajua.

Picha ikipunguzwa hadi pikseli 22, kila moja sasa ikisimama badala ya sentimita nne, karibu kila kitu kinapotea: kinundu cha kulengea, mrija wa gesi, mbao ya kushikia, skrubu. Mpindo wa magazini unabaki kuwa pikseli moja iliyosogezwa mbele. M16A1 ya Marekani, yenye urefu wa takriban sentimita 99, itapata pikseli 25 kwa kipimo hichohicho, na kitakachoitambulisha ni mpini wa kubebea ulio juu ya mgongo wake, nao pia umebaki nukta mbili au tatu. Tofauti ya silaha hizi mbili, ambazo katika vita vya Vietnam zilikabiliana kama alama za kambi mbili za dunia, inakaa ndani ya pikseli zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Viktor Shklovsky aliandika mwaka 1917 kuhusu sanaa kama mbinu ya kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili jicho lichelewe juu yake. Upunguzaji wa pikseli hufanya kazi kinyume na matarajio hayo: unamlazimisha mchoraji achelewe, lakini mtazamaji humpa utambuzi wa papo kwa papo. Mchoraji amekaa jioni nzima juu ya kitu ambacho mwenzake atakitambua kwa kufumba na kufumbua. Nani kati yao ameiona bunduki?

4.0 Mkono Ndani ya Kipimo

Wachoraji hawa hawaishii kwenye silaha zilizopo. Wengi hubuni. Huchukua kitako cha bunduki moja, magazini ya nyingine na darubini ya tatu, wakavikata na kuvibandika kwa kifaa cha kuchagulia, kisha wakarekebisha viungo kwa penseli. Kipande kizuri huzunguka kutoka mchoro hadi mchoro. Utaratibu huu una undugu na fomula za watambaji wa tendi, ambao nao walikuwa na vipande vilivyokwisha kunolewa vya kuingiza panapohitajika, na si haki kuuita wizi bila kuuangalia vizuri.

La kuvutia ni namna bunduki hizo za kubuni zinavyokosolewa na wachoraji wenyewe. Mkosoaji hasemi kwamba bunduki hiyo haipo duniani, hilo linakubalika. Husema kwamba magazini imewekwa mahali ambapo risasi haiwezi kufika kwenye mtutu, au kwamba hakuna tundu la kutolea maganda, au kwamba kitako ni kifupi mno. Juu ya yote, husema kwamba mkono hauingii. Mshikio umechorwa kwa urefu wa pikseli tano katika kipimo cha sentimita kwa pikseli, ilhali ngumi ya mtu mzima inahitaji takriban nane au tisa. Duara linalokinga kifyatulio ni dogo kuliko kidole. Kifyatulio kiko mbali na mshikio kiasi kwamba ni jitu tu linaloweza kukifikia.

Hapa ndipo utetezi wa umbo tu unapoanguka, tena kwa ushahidi wa wanaoutoa. Kama bunduki ingekuwa umbo tupu, mshikio wa pikseli tano usingekuwa kosa. Ungekuwa chaguo la mtindo, kama shingo ndefu za wanyama katika michoro ya Tingatinga. Umekuwa kosa kwa sababu wote wanajua kwamba pale patakaa mkono. Mkono haukuchorwa, lakini ndio rula. Urefu wa kitako ni umbali wa bega hadi shavu. Urefu wa mshikio ni vidole vinne. Nafasi ya kifyatulio ni kidole cha shahada kilichokunjwa. Ukizifuata pikseli hizo kwa makini unaweza kuchora kwa rangi nyeupe, juu ya uwanja mweupe, mtu mzima aliyesimama nyuma ya bunduki hiyo. Yupo. Ameondolewa rangi tu.

Kwa upande wa pili wa mtutu hali ni tofauti kabisa. Hakuna kipimo chochote katika bunduki iliyochorwa kinachotokana na mwili wa anayepigwa. Urefu wa mtutu unahusu mwendo wa risasi. Kinundu cha kulengea kinahusu jicho la anayelenga. Mtutu huishia pikseli kumi au ishirini kabla ya ukingo wa picha, na baada yake ni weupe usiodaiwa na mtu. Tofauti hii kati ya kutoonekana kwa mpigaji na kutokuwapo kwa mpigwaji haijatiliwa maanani na wahakiki wa pande zote mbili zilizotajwa mwanzoni. Wanaolaumu husema michoro inamtukuza muuaji. Kumbe muuaji amefichwa kwa adabu. Aliyefutwa kabisa ni mwingine.

5.0 Ubavuni na Nyuma ya Bunduki

Mtazamo wa ubavuni haukuzaliwa na Paint. Ni mtazamo wa katalogi za wauza silaha, wa vitabu vya mafunzo ya jeshi na wa makabati ya vioo katika makumbusho. Unamweka mtazamaji mahali ambapo katika maisha hakuna mtu anayeathirika: si nyuma ya bunduki wala mbele yake. Ni mahali pa mnunuzi na pa mwanafunzi.

Michezo ya kompyuta imejaribu mahali pengine. Mwaka 1975, katika Western Gun ya Tomohiro Nishikado, watu wawili wa nukta chache walisimama pande mbili za kioo na kufyatuliana risasi. Bunduki yenyewe haikuwa zaidi ya nukta zinazochomoza kutoka mkononi, lakini mpigaji na mpigwaji walikuwa wote ndani ya fremu moja. Katika Wolfenstein 3D ya mwaka 1992 na Doom ya mwaka 1993, bunduki ilihamia chini ya kioo, ikiwa imeshikwa, na mtazamaji akawekwa nyuma yake. Doom ilionyeshwa kwa pikseli 320 kwa 200 na rangi 256, na baadhi ya silaha zake zilitokana na picha za bunduki za watoto za kuchezea, zilizoingizwa kompyutani na kurekebishwa. Ni kejeli isiyokusudiwa: bunduki bandia iliyoshikwa na mkono inatisha kuliko bunduki halisi iliyochorwa kwa usahihi ikiwa imelala peke yake. Mkono ndio uliotia sumu, wala si chuma.

Mfano wa Counter-Strike, uliotolewa kama mchezo kamili mwaka 2000, una manufaa zaidi kwa hoja hii, kwa sababu unautumia mtazamo uleule wa ubavuni kwa namna mbili. Katika orodha ya ununuzi, bunduki huonekana ubavu pamoja na bei yake. Hiyo ni katalogi. Lakini kila mchezaji anapouawa, kwenye pembe ya kioo hutokea mstari mfupi: jina la aliyeua, kivuli kidogo cha bunduki kilichochorwa ubavu, kisha jina la aliyeuawa. Umbo ni lilelile. Sarufi imebadilika. Katika orodha ya ununuzi bunduki ni nomino yenye bei. Katika mstari wa mauaji imekaa mahali pa kitenzi, kati ya kiima na yambwa. Mchezaji haisomi kama picha ya kitu, anaisoma kama tendo, na huelewa sentensi nzima bila neno hata moja la lugha yoyote.

Mchoro wa Paint ni kitenzi hicho kilichotolewa katika sentensi yake na kuwekwa peke yake ukurasani. Ndiyo maana una utulivu wa ajabu. Kitenzi kisicho na kiima wala yambwa hakimtendei mtu yeyote jambo lolote, lakini hakijageuka kuwa nomino kwa sababu tu ya kukaa peke yake.

6.0 Jirani wa Bunduki

Ikiwa tatizo ni upweke wa bunduki, basi kazi zilizoipa jirani zinapaswa kuangaliwa. Ya kwanza haiko mbali na wasomaji wa Kiswahili. Bendera ya Msumbiji, iliyoanza kutumika mwaka 1983, ina bunduki ya AK-47 yenye singe, imepishana na jembe juu ya kitabu kilichofunguliwa, ndani ya nyota ya njano. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na wapiganaji wake walipata mafunzo katika kambi za Tanzania, Nachingwea ikiwa mojawapo. Bunduki hiyo ina historia katika ardhi ambayo Kiswahili kinazungumzwa. Kinachohusu makala haya ni mpangilio. Bunduki hapo imechorwa ubavu, bila mkono na bila adui, kama ilivyo katika Paint. Lakini imepishana na mpini. Jembe linaidai bunduki ijieleze: inalinda nini? Kitabu kilicho chini yake kinauliza swali la pili. Si lazima mtu aridhike na majibu, na ndani ya Msumbiji kwenyewe wapo waliotaka bunduki iondolewe, hata shindano la kutafuta bendera mpya likafanyika mwaka 2005 bila bendera kubadilishwa. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu mchoro ulikuwa na sintaksia ya kujadiliwa. Bendera ileile ikipunguzwa kuwa alama ndogo ya kompyuta yenye upana wa pikseli 16, bunduki, jembe na kitabu huungana kuwa doa jeusi juu ya njano, na mjadala wote hufutika pamoja nao.

Jirani wa pili ni rangi. Emoji zina asili katika simu za Japani, na seti ya NTT DoCoMo ya mwaka 1999 ilichorwa katika gridi ya pikseli 12 kwa 12, nidhamu ileile ya mchoraji wa Paint. Alama ya bastola iliingizwa katika Unicode mwaka 2010. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ikaibadilisha bastola ya chuma kuwa bastola ya maji ya rangi ya kijani, na kufikia mwaka 2018 kampuni nyingine kubwa zilikuwa zimefuata. Msimbo haukubadilika, wala ubavu, wala kukosekana kwa mkono. Kwa miaka miwili ujumbe uliotumwa kama utani kutoka simu moja uliweza kufika kama tishio kwenye simu nyingine. Mwaka 2024 mtandao wa X ukairudisha bastola ya chuma. Kampuni hizo hazikuhitaji semina ya fani na maudhui. Zilitenda kama taasisi zinazojua kwamba badiliko la rangi na mzingo ni badiliko la maana. Mchoraji wa Paint anayesisitiza kwamba kijivu chake hakina maana anapingana na ushahidi wa simu iliyo mfukoni mwake.

Andy Warhol ni jirani wa aina nyingine, na kwa bahati anagusa ncha zote mbili za mada hii. Mwezi Juni mwaka 1968 alipigwa risasi na Valerie Solanas, akaponea chupuchupu. Mwaka 1981 na 1982 alitengeneza mfululizo wa picha za bastola, zimechapwa kwa skrini ya hariri, ubavu, bila mkono, kubwa kuliko kiwiliwili. Mwaka 1985 alikaa mbele ya hadhira huko Lincoln Center, New York, wakati wa uzinduzi wa kompyuta ya Amiga, akachora picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa programu sahili, akimwaga rangi kwa kifaa cha kujazia kama afanyavyo mtoto anayejifunza Paint. Baadhi ya mafaili yake ya Amiga yalipatikana tena katika diski zake mwaka 2014.

Picha zake za bastola zinafuata kanuni zote za michoro inayohakikiwa hapa, lakini hazisomeki kwa utulivu. Zinatofautiana kwa jambo moja: mtazamaji anajua kwamba aliyechora aliwahi kusimama mbele ya mtutu. Weupe ulio mbele ya bastola si tupu tena, una jina. Warhol hakuchora jeraha. Ukubwa wa turubai na maisha yake vimefanya kazi hiyo. Mhakiki mkali anaweza kusema kwamba hii ni nguvu ya wasifu na si ya picha, na pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, linathibitisha kwamba uwanja ulio mbele ya mtutu ni sehemu ya kazi, wala si karatasi iliyobaki. Katika Paint uwanja huo ni mweupe kwa sababu programu hufunguka ikiwa nyeupe. Mchoraji hutumia saa tatu kuamua kijivu cha mtutu na hatumii hata dakika moja kuamua weupe unaoukabili. Udhaifu mkubwa wa kisanaa wa michoro hii uko hapo. Mada yake ingeweza kusimama. Mandharinyuma yake hayajachorwa na mtu.

7.0 Suala la Tabaka

Imesemwa awali kwamba Paint haikuwa na tabaka. Sasa uzito wa jambo hilo unaweza kuonekana. Mchoraji aliyemaliza mshikio, kifyatulio na duara linalokikinga, sehemu zilizo finyu zaidi na zinazokula muda mwingi zaidi, akitaka kuongeza mkono ni lazima auchore juu ya sehemu hizohizo. Vidole vitafunika mshikio, kidole cha shahada kitafuta kifyatulio, kiganja cha pili kitaimeza mbao ya mbele. Pikseli zilizofunikwa haziko chini ya mkono zikingoja, hazipo tena. Baada ya hatua tatu hakuna kurudi, ila kwa aliyehifadhi nakala. Kwa hiyo chombo chenyewe kilimwekea mchoraji bei: ukitaka mtu, toa bunduki. Wengi waliihifadhi bunduki. Si lazima uamuzi huo usomwe kama itikadi, kwani uchumi wa kazi unatosha kuueleza, na mhakiki anayeruka moja kwa moja kwenye saikolojia ya mchoraji bila kuuliza habari za programu anajenga juu ya mchanga.

Maelezo hayo ya kiuchumi yana kikomo. Bei ya kuchora mkono ilikuwa kubwa, lakini bei ya kuchora mlengwa, ukuta, kivuli sakafuni au ganda la risasi lililodondoka ilikuwa ndogo. Vitu hivyo vingekaa kwenye weupe bila kuharibu pikseli yoyote ya chuma. Kukosekana kwa mkono kunaweza kuwekwa kwenye hesabu ya chombo. Kukosekana kwa mengine hakuwezi.

Mwaka 2023 Microsoft iliongeza tabaka katika Paint, pamoja na uwezo wa kuwa na uwanja usio na rangi. Mchoraji sasa anaweza kuchora mkono kwenye tabaka la juu, kuutazama, kuupima dhidi ya mshikio, kisha kuuzima. Anaweza kuwasha mtu na kumzima mara kumi kabla ya kuamua. Uchunguzi wa michoro ya baada ya mwaka huo utahitaji kuomba faili la kazi lenyewe na si picha iliyosambazwa, kwa kuwa PNG haibebi tabaka: kinachomfikia mtazamaji ni uso mmoja uliobanwa, na mkono uliozimwa hauachi alama ndani yake.